Hesketh-Prichard: Mtu aliyewafundisha askari kutazama kabla ya kupiga

Wengi wetu tumewaona wadunguaji katika filamu. Mtu amelala kifudifudi juu ya paa, jicho moja limefumbwa, kidole kiko kwenye kifyatuo. Kamera inamwonyesha yeye na bunduki yake tu. Mara chache sana tunaonyeshwa mtu wa pili, yule aliyelala pembeni yake bila bunduki mkononi, akitazama kwa darubini ndefu.

Makala haya yanahusu maisha ya mtu aliyesisitiza kwamba yule wa pili ndiye mwenye kazi kubwa zaidi. Jina lake ni Hesketh Hesketh-Prichard, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1876 na kufariki mwaka 1922. Zama zake alijulikana kwa mengi: mwandishi wa hadithi, msafiri, mwindaji na mchezaji wa kriketi. Leo hii anakumbukwa zaidi na watu wanaokusanya silaha za kale, hasa wale wanaotafuta bunduki ya mdunguaji pamoja na darubini ya kutazamia iliyokuwa ikienda nayo. Tumeona ni vyema tueleze alikuwa nani, kwa nini darubini ilikuwa muhimu kwake, na kazi yake iliokoa nini na kugharimu nini.

Kwanza, tuelewane kuhusu vifaa

Kuna darubini za aina mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni darubini ya kulengea, ile fupi inayofungwa juu ya bunduki. Zama hizo ilikuza kidogo tu, pengine mara tatu au nne, kwa sababu kazi yake ilikuwa kumsaidia mpigaji kuweka shabaha mahali pake.

Ya pili ni darubini ya kutazamia. Hii haifungwi kwenye bunduki. Zama hizo ilikuwa bomba la shaba lililovikwa ngozi, lililovutwa likarefuka na kusukumwa likafupika. Hukuza mara 20 au zaidi. Mtu aliye mbali kama nukta anakuwa na uso, ndevu na vifungo vya koti. Ubaya wake ni kwamba eneo linaloonekana ni dogo sana, na mkono ukitikisika kidogo kila kitu kinaruka. Kwa hiyo inahitaji kuegemezwa na inahitaji mtu mwenye subira.

Mchungaji au mlinzi wa shamba ataelewa upesi tunachosema. Kumpiga ngedere kwa teo si kazi ngumu kama kumwona mapema kabla hajashuka mtini. Anayejua pori hatafuti ngedere mzima. Anatafuta tawi lililotikisika bila upepo. Hesketh-Prichard alijenga somo lake lote juu ya ujuzi wa namna hiyo.

Mtoto asiyemwona baba yake

Alizaliwa tarehe 17 Novemba 1876 huko Jhansi, India, wakati nchi hiyo ikiwa chini ya utawala wa Waingereza. Baba yake, aliyekuwa ofisa wa jeshi, alikufa kwa homa ya matumbo wiki sita kabla ya mtoto kuzaliwa. Mama yake, Kate, alirudi Uingereza na kichanga chake na kumlea peke yake.

Mama na mwana walishikamana kwa namna isiyo ya kawaida. Kijana alisoma Fettes, shule ya mjini Edinburgh, Uskoti, kisha akasomea sheria na kufaulu mitihani, lakini hakuwahi kuifanya kazi hiyo. Badala yake alikaa na mama yake wakaandika hadithi pamoja. Walitunga visa vya mpelelezi wa mizimu, na baadaye visa vya jambazi wa Kihispania aitwaye Don Q. Hadithi hizo zilipendwa sana hata zikafika kwenye sinema: mwaka 1925, miaka mitatu baada ya kifo chake, mwigizaji wa Marekani Douglas Fairbanks alitoa filamu iliyotokana na mhusika huyo.

Kwenye kriketi pia hakuwa mtu mdogo. Alikuwa mrefu kuliko wenzake wengi, na aliichezea timu ya Hampshire kama mrushaji wa mipira ya kasi. Alisafiri na timu za Uingereza hadi visiwa vya Karibi na Marekani.

Safari zake, na aibu iliyomo ndani yake

Mwaka 1899 mmiliki wa magazeti, Arthur Pearson, alimtuma Haiti, nchi ya watu weusi waliojikomboa kutoka utumwani na kwa Wafaransa karibu miaka 100 kabla yake. Hesketh-Prichard aliivuka nchi hiyo, akarudi na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 1900.

Hapa hatuwezi kumpamba. Kitabu hicho kiliwadharau Wahaiti na kiliandikwa kwa imani kwamba mtu mweusi hawezi kujitawala. Mtu ambaye baadaye angesifiwa kwa macho makali alikwenda Haiti akiwa ameshaamua atakachokiona. Wengi wa kizazi chake walifikiri hivyo, lakini hilo halibadilishi kilichoandikwa. Tunalitaja kwa sababu maisha ya mtu husimuliwa yote, na kwa sababu linatukumbusha kwamba darubini haiondoi upofu ulioko nyuma ya jicho.

Baada ya Haiti alitumwa mbali zaidi, Patagonia, kusini kabisa mwa Amerika Kusini. Katika pango moja huko Chile kulikuwa kumepatikana kipande cha ngozi yenye manyoya ya mnyama wa kale, mkubwa kama ng'ombe, aliyedhaniwa kuwa alikwisha toweka zamani. Ngozi ilionekana mbichi kiasi kwamba baadhi ya wataalamu walianza kujiuliza kama mnyama huyo bado yuko hai. Gazeti la Daily Express la London likagharimia safari ya kumtafuta.

Hesketh-Prichard alizunguka huko zaidi ya maili 2,000 akiwa na farasi. Mnyama hakumwona, wala dalili yake. Alirudi akasema wazi kwamba hakuona kitu na kwamba haamini mnyama huyo yupo. Kwa gazeti lililotarajia habari ya kusisimua, hilo halikuwa jibu tamu. Lakini ndiyo tabia ambayo baadaye aliidai kwa kila askari wake: andika ulichokiona, na kama hukuona, andika kwamba hukuona.

Mwaka 1910 alivuka bara la Labrador, mashariki ya Kanada, nchi ya mawe, mbu na baridi. Alikuwa mwindaji hodari. Hata hivyo alikasirishwa na mauaji ya ovyo ya wanyama, na aliandika kuwatetea sili wa kijivu waliokuwa wakiuawa kwa marungu katika fukwe za Uingereza wakati wa kuzaa. Mwaka 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwalinda sili hao kwa kuweka msimu ambao hawakuruhusiwa kuguswa.

Mwaka huohuo vita vikaanza, na kwa wanadamu hapakuwa na msimu wa namna hiyo.

Alikuta nini Ufaransa?

Vita Kuu ya Kwanza vilipoanza mwezi Agosti 1914, Hesketh-Prichard alikuwa na miaka 37. Alijaribu kujiunga na jeshi akakataliwa kwa sababu ya umri. Hatimaye alipewa kazi ya ofisini, na mapema mwaka 1915 akapelekwa Ufaransa kuwasindikiza waandishi wa habari waliotembelea mstari wa mbele.

Wakati huo majeshi yalikuwa yamekwama. Kila upande umechimba mahandaki marefu, na kati yao kuna eneo tupu ambalo mahali pengine halikufika hata mita 200. Askari aliyeinua kichwa juu ya ukingo alipigwa.

Wajerumani walikuwa mbele katika jambo hili. Nchi yao ilikuwa na utamaduni mkubwa wa uwindaji wa msituni, na viwanda vyake vya vioo, kama Zeiss cha Jena na Goerz cha Berlin, vilikuwa miongoni mwa vilivyo bora kabisa duniani. Bunduki za uwindaji zenye darubini zilikusanywa zikapelekwa vitani, na bunduki za jeshi zikafungwa darubini. Uingereza, kwa upande wake, kabla ya vita ilitegemea nchi za nje, hasa Ujerumani yenyewe, kwa sehemu kubwa ya vioo vya darubini.

Hesabu ilikuwa chungu. Hesketh-Prichard aliandika baadaye kwamba mapema mwaka 1915 kikosi kimoja kilipoteza watu 18 kwa siku moja kwa risasi za wadunguaji. Kikosi kama hicho kilikuwa na watu wapatao 1,000 kikiwa kamili. Hayo si mashambulizi makubwa yanayoandikwa katika vitabu. Ni watu waliokwenda kuchota maji, waliosimama kunyoosha mgongo, au waliochungulia tu kuona mbele kuna nini.

Jambo jingine lilimwumiza zaidi. Askari wa upande wake walianza kuzoea. Walimwona mdunguaji wa Kijerumani kama mvua ya masika, kitu ambacho hakina dawa.

Bunduki nzuri zisizopiga sawa

Alianza kwa pesa zake na kwa msaada wa marafiki. Kila alipokwenda mstari wa mbele alibeba bunduki yenye darubini, akawaomba maofisa wamruhusu kujaribu. Wengine walimcheka. Wengine walimpa nafasi.

Alipozikagua bunduki chache zenye darubini ambazo jeshi lilikuwa limekwisha zigawa, aligundua kwamba nyingi hazikupiga pale zilipolengwa. Walikabidhiwa watu kifaa cha thamani bila mafunzo. Wengine waliishika bunduki kwa darubini yake kama mpini wa ndoo. Wengine walifungua skrubu kwa udadisi.

Tueleze kwa nini hilo ni balaa. Chukulia kwamba vishikio viwili vya darubini vimeachana sentimita 10. Kishikio kimoja kikisogea sehemu moja tu ya kumi ya milimita, umbali ambao jicho halioni, risasi itakosea kwa sentimita 10 katika mita 100. Katika mita 300 itakosea kwa sentimita 30, zaidi ya upana wa kichwa cha mtu. Askari anaamini amelenga vizuri, anapiga, anakosa, na adui sasa anajua alipo. Bunduki mbovu ya aina hiyo ni hatari zaidi kwa mwenyewe kuliko kwa adui.

Kulikuwa na kasoro nyingine. Darubini nyingi za Kiingereza zilifungwa upande wa kushoto wa mtutu, ili askari aweze kujaza risasi kwa juu. Katika uwanja wazi haina shida. Lakini mdunguaji wa handaki hupiga kupitia tundu dogo la bamba la chuma. Mtutu ukiwa katikati ya tundu, darubini iliyo pembeni inatazama ukuta. Hesketh-Prichard alilalamikia jambo hili miaka yote ya vita.

Wajerumani nao walijikinga nyuma ya mabamba ya chuma ambayo risasi ya kawaida haikuyatoboa. Dawa yake aliitoa katika uwindaji. Aliazima bunduki kubwa zilizotengenezwa kwa ajili ya tembo na wanyama wengine wakubwa wa Afrika na India, akazipeleka Ufaransa. Hizo zilitoboa mabamba.

Kichwa cha karatasi na paka wa mahandaki

Hata hivyo bunduki kubwa haina faida kama hujui adui yuko wapi. Hapa ndipo ubunifu wake ulipoonekana.

Aliwatengenezea askari vichwa vya bandia vya karatasi iliyolowekwa na kukaushwa, vikapakwa rangi ya uso wa mtu. Kingine kiliwekewa sigara mdomoni, na moshi ukavutwa kwa mpira na mtu aliyejificha chini. Kichwa kilipandishwa polepole juu ya ukingo kwa mti uliopita katika mfereji maalumu. Mjerumani akipiga, risasi iliacha matundu mawili, la kuingilia na la kutokea. Kichwa kilishushwa kwa kipimo kamili hadi mahali pa periskopu, na mtu akatazama kwa kufuata mstari wa matundu yale mawili. Mstari huo ulimwonyesha risasi ilikotoka.

Alibadilisha pia ukingo wenyewe. Waingereza walipenda kuupanga vizuri, mifuko ya mchanga imenyooka kama matofali ya ukuta. Ulipendeza, lakini kila kitu kilichojitokeza juu yake kilionekana mara moja. Wajerumani waliacha ukingo wao ovyo, mifuko ya rangi tofauti, vyuma na takataka, na ndani ya vurugu hiyo tundu la mdunguaji halikuonekana. Hesketh-Prichard aliwaomba makamanda waache unadhifu. Haikuwa rahisi kumshawishi mwanajeshi wa zamani kwamba uchafu unaokoa maisha.

Vilevile alihimiza matumizi ya mabamba mawili badala ya moja, la nyuma likiwa na tundu linaloweza kusogezwa pembeni. Risasi ya adui ikipita tundu la mbele, mara nyingi inagonga chuma cha nyuma badala ya uso wa mtu.

Lakini chombo alichokithamini kuliko vyote kilikuwa darubini ya kutazamia. Jeshi halikuwa na za kutosha. Wananchi wa Uingereza waliombwa kuazima au kuchangia darubini zao za nyumbani, za uwindaji na za baharini, na marafiki wa Hesketh-Prichard katika magazeti walimsaidia kupata zaidi.

Kisa kimoja kinaonyesha thamani yake. Watazamaji wa Kiingereza walimwona paka wa rangi mchanganyiko akiota jua juu ya handaki la Wajerumani. Wakamwona tena siku iliyofuata, mahali palepale. Taarifa ikaandikwa. Waliosoma taarifa walijiuliza: paka anayekaa mahali pamoja analishwa na nani? Katika mahandaki yaliyojaa panya, anayefuga paka ni mtu mwenye makazi ya kudumu, yaani maofisa. Picha za ndege zikachunguzwa, ikaonekana kwamba hapo palikuwa na makao ya viongozi. Mizinga ikapiga na kupaharibu.

Hakuna mdunguaji aliyefyatua risasi katika kisa hicho. Aliyefanya kazi ni mtu mwenye darubini na penseli.

Shule ya Linghem

Mwezi Agosti 1916 Hesketh-Prichard alifungua shule katika kijiji cha Linghem, kaskazini mwa Ufaransa, kwa ajili ya Jeshi la Kwanza la Uingereza. Ilifundisha mambo matatu: udunguaji, utazamaji na upelelezi. Waliofundishwa walirudi kwenye vikosi vyao kuwafundisha wengine. Baadaye hata askari wa Ureno waliopigana upande huo walipata mafunzo hapo.

Walimu aliowaheshimu sana walitoka Lovat Scouts, kikosi cha wanaume wa milima ya Uskoti. Wengi walikuwa watunza misitu na wawindaji wa kulungu. Kazi yao ya kila siku kabla ya vita ilikuwa kukaa juu ya mlima na darubini, wakitafuta mnyama wa rangi ya kahawia katika majani ya kahawia. Wao hawakuhitaji kufundishwa subira.

Masomo yalikuwa ya kawaida kabisa. Mtazamaji hasogezi darubini huku na huko. Analigawa eneo vipande vipande na kumaliza kimoja kabla ya kwenda kingine. Anakinga kioo cha mbele kisimulike jua likamfichua. Haangalii muda mrefu mno, kwa maana jicho huchoka na kuanza kuona visivyokuwepo, kwa hiyo wawili wanapokezana. Na kila anachokiona anakiandika pamoja na saa: moshi wa jikoni, udongo mpya uliochimbwa, kofia yenye alama tofauti na ya jana. Kofia mpya ina maana kikosi kipya kimefika, na kikosi kipya pengine ni dalili ya shambulio.

Alipewa nishani ya Military Cross mwaka 1916 na ya Distinguished Service Order mwaka uliofuata. Kazi yake na ya wenzake katika shule nyingine iliwaondolea Wajerumani ule ubingwa wa mwaka 1915. Ni watu wangapi walipona kwa sababu hiyo, hakuna daftari linaloweza kutuambia. Aliyepona risasi ambayo haikupigwa hajui kwamba alipona.

Vita hivyohivyo, hapa kwetu

Vita hivyo vilifika Afrika Mashariki pia. Tarehe 4 Januari 1917, miezi michache tu baada ya shule ya Linghem kufunguliwa, majeshi ya Uingereza na Ujerumani yalipambana Beho Beho, karibu na mto Rufiji, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Frederick Selous, mwindaji mashuhuri wa Kiingereza aliyeingia vitani akiwa mzee, alikuwa akitafuta adui walipo. Mlenga shabaha wa upande wa Wajerumani alimwona kwanza. Selous alikufa papo hapo akiwa na miaka 65, na kaburi lake liko hukohuko porini. Ndiye ambaye jina lake lilipewa Pori la Akiba la Selous mwaka 1922. Sehemu kubwa ya pori hilo tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Miaka zaidi ya 40 ya kuwinda haikumsaidia siku hiyo. Porini mwa Rufiji na handakini Ufaransa, aliyeonwa kwanza ndiye aliyekufa.

Mwisho wa safari yake

Afya ya Hesketh-Prichard ilianza kuharibika kabla vita havijaisha. Damu yake ilikuwa imeingiwa na sumu ya ugonjwa ambao madaktari walishindwa kuumaliza. Enzi hizo dawa za kuua vijidudu kama penisilini hazikuwapo. Alifanyiwa upasuaji mara nyingi bila kupona.

Katika hali hiyo aliandika kitabu kuhusu kazi yake ya udunguaji Ufaransa, kilichotoka mwaka 1920. Kitabu hicho bado kinasomwa na wanajeshi na wanahistoria. Alifariki tarehe 14 Juni 1922 akiwa na miaka 45, akiacha mke, Lady Elizabeth, na watoto watatu. Mmoja wao, Alfgar, aliuawa mwishoni mwa mwaka 1944 akiwa katika kazi ya siri ya jeshi huko Austria, katika vita vya pili. Kama baba yake, hakuzeeka.

Wakusanyaji wanatafuta nini leo?

Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la Uingereza lilikuwa limeshaukubali msimamo kwamba bunduki na darubini ya kutazamia ni kitu kimoja. Mdunguaji alipewa bunduki ya No. 4 Mark I (T), iliyoandaliwa kwa sehemu kubwa na mafundi wa Holland & Holland wa London, ikiwa na darubini ya kulengea ya No. 32 inayokuza mara tatu. Pamoja nayo alipewa darubini ya kutazamia inayoitwa Scout Regiment, ya shaba na ngozi, iliyotengenezwa na viwanda kama Ross na Broadhurst Clarkson.

Ndiyo maana leo huko Uingereza, Marekani na kwingineko, wakusanyaji hawaridhiki na bunduki pekee. Wanatafuta darubini ya kutazamia ya miaka ileile, yenye alama ya mshale mpana wa serikali ya Uingereza, jina la kiwanda na namba zilizochongwa kwenye shaba. Kwenye bunduki, wanakagua kama namba ya darubini ya kulengea iliyopigwa kwenye kitako inalingana na darubini iliyofungwa. Zikilingana, bei hupanda sana. Kwa sababu hiyo vya bandia ni vingi, na mtu asiyejua kusoma alama hizo huuziwa mbuzi kwenye gunia.

Vifaa hivyo ni vizuri kuvitazama. Shaba imepauka, ngozi imechakaa pale mkono ulipoishika. Lakini tusisahau vilitumika kwa nini. Mpiga mzinga hamwoni anayemuua. Mwenye darubini inayokuza mara 20 humwona: anaona kama ni kijana au mzee, kama amenyoa leo, kama anacheka na mwenzake. Halafu anamnong'oneza aliye pembeni yake mahali pa kulenga. Hesketh-Prichard aliwaokoa wengi wa upande wake kwa kufundisha jambo hilo, na kwa jambo hilohilo wengi wa upande wa pili hawakurudi kwa mama zao.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini askari wale walihitaji kuambiwa. Aliyewaambia alikuwa mtu aliyejifunza kutazama milimani na porini, kwenye wanyama, kabla hajaombwa kuwatazama watu.